MAMBO TULIYOYAONA KATIKA MAKUMBUSHO YA RELI, NAIROBI

(Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Mkutano uliopita uliamua kwamba Kamati ya Elimu iende pamoja na wanachama kuzitazama injini za moshi za zamani katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, kisha turudi tuwaeleze tuliyoyaona. Tulikwenda watu kumi na wanane: mafita, watu wa boila, vijana watatu wanaojifunza kazi, karani mmoja wa stoo, na wazee wawili waliokwisha kustaafu. Mlituagiza tusilete hotuba ya kupamba, bali maneno yenye faida kwa mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini. Agizo hilo tumelishika.

Kabla hatujaondoka, wanachama wengine waliuliza: "Chuma kilichokufa kitamsaidia nini mfanya kazi, na unga umepanda bei?" Swali hilo ni la haki, nasi hatukulipuuza. Jibu letu mtalipata katika maneno haya, na mwisho tutaweka mbele yenu mambo manne ya kuamuliwa.

MAHALI PENYEWE

Makumbusho haya yako karibu na stesheni ya Nairobi. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado na shirika moja la reli. Injini zinasimama nje, juu ya reli, jua na mvua vyote vyao. Ndani ya nyumba kuna vyombo vya kazi, picha, na vitu vidogo vidogo vya stesheni na vya magari.

Jambo la kwanza lililotupendeza ni kwamba reli za makumbusho zimeunganika na reli za stesheni. Maana yake ni kwamba injini iliyotengenezwa vizuri inaweza kutoka pale ikaenda zake. Na imekwisha fanyika hivyo. Katika miaka ya 2000 injini mbili, namba 3020 na namba 5918, zilitengenezwa zikawashwa moto tena, zikavuta mabehewa ya watu waliotaka kuonja safari ya zamani. Siku tuliyokwenda sisi hapakuwa na moto. Hata hivyo, mtu wa kazi akiitazama mashine huona upesi kama imetupwa au kama kuna mkono ulioishughulikia.

Injini namba 3020 inaitwa Nyaturu, kwa jina la Wanyaturu wa upande wa Singida, Tanzania. Injini za aina yake zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Zile kubwa zaidi zilipewa majina ya milima. Namba 5918 ni Mount Gelai, na namba 5930 ni Mount Shengena, na milima yote miwili iko Tanzania.

INJINI KUBWA

Ndugu, tulipofika mbele ya Mount Gelai watu walinyamaza. Injini hii ni ya aina ya 59. Zilitengenezwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ina uzito wa tani 252, na urefu wake unapita mita 31. Hapakuwa na injini ya moshi yenye nguvu kuzipita katika reli zote za dunia zenye upana wa mita moja, na hiyo ndiyo reli yetu ya zamani.

Kijana mmoja aliuliza jambo la maana: kitu kirefu namna hii kilipitaje kwenye kona? Mafita wetu walimwonyesha. Injini hii ni ya mtindo wa Garratt, na kwa kweli ni kama injini mbili chini ya boila moja. Mbele kuna seti ya magurudumu na silinda zake, na juu yake tangi la maji. Nyuma kuna seti nyingine na silinda zake, na juu yake mafuta na maji zaidi. Boila imening'inizwa katikati, kama machela baina ya wachukuzi wawili. Kila seti hugeuka peke yake kwenye kona, na boila hufuata. Tena uzito wote umegawanywa juu ya magurudumu 28, na kati yake 16 ndiyo yanayovuta. Kwa hiyo reli haikuvunjika wala mlima haukushinda.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mombasa ni usawa wa bahari, na Nairobi ni juu zaidi ya mita 1,600. Ni safari ya kilomita zipatazo 530, ya kupanda karibu njia nzima, kupitia nyika isiyo na maji mengi. Injini ya aina ya 59 ilikuwa ikivuta tani 1,200 katika mlima ule. Pamba, kahawa na chai vikiteremka, na mafuta, mashine na nguo vikipanda, mgongo uliovibeba ni huu.

Lakini mgongo huu haukutembea wenyewe. Kulikuwa na dreva, mkono wake juu ya rekuleta inayofungulia mvuke uende kwenye silinda. Kulikuwa na fayamani, aliyeangalia moto na maji, macho yakiwa mekundu kwa joto. Nyuma ya hao wawili walikuwako wengine ambao abiria hakuwaona: mwenye kuwasha moto usiku ili injini iwe tayari asubuhi, mwenye kupaka grisi, mwenye kuosha boila, mwenye kusugua mabomba ya moshi, mwenye kujaza maji, mwenye kugonga magurudumu kwa nyundo asikilize kama kuna ufa. Treni ikifika saa yake watu walisema, "Reli ni nzuri." Hakuna aliyesema, "Aliyesugua mabomba jana usiku ni mtu mzuri."

BOILA NI ILE ILE

Sasa tunawaomba watu wa boila wasogee karibu, maana sehemu hii ni yenu. Viwanda vya majani ya chai vingali vikichemsha maji kwa kuni. Viwanda vya sukari, vya maziwa, vya kufulia nguo na hata hospitali vina boila. Injini za moshi zimeondoka njiani, lakini mvuke haujaondoka kazini.

Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya kwanza. Ukiyafungia ndani ya chuma yakakosa nafasi hiyo, yanakuwa nguvu. Injini ya aina ya 59 ilifanya kazi kwa presha ya ratili 225 kwa kila inchi moja ya mraba. Gurudumu la motokaa ndogo lina presha ya ratili zipatazo 30. Pigeni hesabu wenyewe.

Mzee wetu mmoja, aliyekuwa mtu wa boila kiwandani kwa miaka mingi, alipanda ndani ya chumba cha dreva akatufundisha kama mwalimu darasani. Alianza na kioo cha maji. Kioo hiki huonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Juu ya sanduku la moto kuna bamba la chuma, na bamba hilo lazima lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakishuka chini yake, moto unalichoma tupu, linakuwa jekundu, linalegea, na presha inalisukuma chini. Hapo boila hulipuka, na watu walio karibu hawapati nafasi ya kukimbia.

Kwa sababu hiyo waliweka plagi yenye risasi katika bamba lile. Maji yakipungua, risasi huyeyuka, mvuke hupiga kelele ukiingia kwenye moto, na watu hupata onyo. Juu ya boila kuna valvu za usalama, ambazo hufunguka zenyewe presha inapozidi. Mzee alisema hivi: "Hizi zote ni za kumsaidia mtu ambaye tayari amechelewa. Ulinzi wa kwanza ni jicho lako kwenye kioo. Na kioo chenyewe lazima ukipime, ukifungue kipulize, kwa maana kioo kilichoziba husema uwongo."

Kisha alitueleza habari ya ukoko. Kila mama hapa ameona ukoko mweupe ndani ya birika. Ndani ya boila ni vivyo hivyo, ila hapa ukoko huzuia joto lisifike kwenye maji, na chuma huungua. Ndiyo maana injini zilisimamishwa kila baada ya muda, zikapozwa polepole na kuoshwa. Haraka haikuwako. Boila ikipashwa moto kwa haraka au ikipozwa kwa haraka, chuma hutanuka na kunywea bila mpango, na viungo huvuja. Mkubwa anayesema "washa upesi, oda inangoja" anaokoa saa mbili na kuiweka rehani roho ya mtu.

Tuliwauliza wanachama waliokuwa nasi: ni wangapi wanafanya kazi mahali ambapo kioo cha maji kimepasuka au kimeingia ukungu, na wameambiwa wavumilie mpaka mwezi ujao? Mikono mitatu ilinyanyuliwa. Ndugu, hilo ndilo jibu la kwanza kwa aliyeuliza chuma kilichokufa kina faida gani.

BEHEWA LA KIMA

Katika makumbusho lipo behewa moja ambalo kila mgeni huonyeshwa. Mwezi Juni, mwaka 1900, ofisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alikwenda stesheni ya Kima na wenzake wawili ili kumwua simba aliyekuwa akila watu. Behewa lao liliwekwa kando ya njia. Usiku simba aliingia ndani, akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa ni lile lile, na unaweza kuligusa.

Tulisikitika kama watu wote. Lakini tukakumbuka pia habari ya Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili waliwala wafanya kazi waliokuwa wakijenga daraja pale. Miezi ikapita na watu wakiburutwa kutoka hemani. Mamia walikimbia, na ujenzi ukasimama kwa muda. Simba hao waliuawa Desemba mwaka ule, na leo wamejazwa wamesimama katika nyumba ya makumbusho huko Chicago, Marekani. Aliyewaua anajulikana, na simba wenyewe wanajulikana. Walioliwa, majina yanayojulikana ni ya wachache sana. Hata idadi yao inabishaniwa hadi leo.

Reli yenyewe ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Wafanya kazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa malaria, kuhara, ajali na mengineyo. Gawanyeni kwa urefu wa njia, mtakuta karibu watu wanne kwa kila maili. Waafrika waliokata vichaka, waliobeba udongo na kuvunja mawe walikuwa wengi pia, lakini vitabu vya hesabu havikuwaweka vizuri. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa halipwi. Hilo lilikuwa kweli mwaka 1900, na sasa tutawaeleza kwamba limemfika mtu wa tawi hili hili.

NAMBA YA INJINI NA NAMBA YA MTU

Yule mzee aliyetufundisha boila, tulimkuta baadaye amesimama peke yake ubavuni mwa Mount Gelai, akisoma namba. Tukamwuliza anafikiri nini. Akasema: "Hii injini ina bahati. Wanajua ilizaliwa wapi, mwaka gani, ilifanya kazi wapi, na ilipumzika lini."

Mzee huyu alifanya kazi ya boila katika kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji, kwa miaka 31. Miaka saba ya kwanza alikuwa kibarua wa kuandikwa kila wiki. Alipostaafu, kiinua mgongo chake kilihesabiwa kwa miaka 24. Akasema, "Je, ile saba?" Akaambiwa alete ushahidi. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha wenyewe mara mbili, na madaftari ya vibarua hayakuonekana. Kadi zake mwenyewe zilipotea siku nyumba yao ilipobomolewa. Wenzake wawili wa zamani walikubali kumshuhudia, lakini mmoja alifariki kabla ya shauri kusikizwa. Basi miaka saba ya jasho ikawa kama haikuwako.

Huyu si mtu wa hadithi. Ameketi nasi hapa leo, na ametupa ruhusa tuyaseme haya ili vijana wasikie.

KAZI ILIPOBADILIKA

Jambo jingine ni habari ya mabadiliko. Kuanzia mwaka 1960 reli ya Afrika Mashariki ilianza kutumia injini kubwa za dizeli. Shirika moja la nchi tatu lilivunjika mwaka 1977. Kufikia mwaka 1980 injini zote za aina ya 59 zilikuwa zimeondolewa kazini. Injini iliyojengwa kwa nguvu ya kudumu miaka hamsini ilimaliza kazi yake kwa miaka ishirini na tano, na nyingine kabla ya hapo.

Dizeli haihitaji fayamani wa kuchochea moto. Haihitaji mtu wa kuiwasha tangu usiku wa manane, wala wa kusugua mabomba ya moshi, wala tangi la maji kila stesheni. Stesheni ndogo za nyika, ambazo ziliishi kwa sababu injini zilisimama kunywa maji, zilianza kukauka. Hatusemi dizeli ilikuwa mbaya. Kazi ya fayamani ilikuwa nzito na ya kuchosha mwili, na hakuna baba anayemwombea mwanawe moshi. Tunasema hivi: mashine mpya ikija, faida yake inakwenda wapi, na hasara yake inabebwa na nani?

Dreva wa moshi aliweza kufundishwa dizeli. Fayamani aliweza kufundishwa akawa dreva. Fundi wa boila alikuwa na mikono ya kuchomea na kupima ambayo karakana yo yote ingeitaka. Tofauti baina ya aliyefundishwa na aliyefukuzwa haikutoka katika chuma. Ilitoka katika mapatano, na mapatano yaliyofanywa kabla mashine haijashushwa melini yana nguvu kuliko yanayofanywa baada ya barua za kuachishwa kutoka.

Watu wa reli na wa bandari walilijua jambo la mapatano mapema. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine pamoja, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Novemba 1959 wafanya kazi Waafrika wa reli waligoma tena. Mshahara na nyumba vilizungumzwa kwa sababu watu walisimama pamoja: dreva hakumwambia mfagiaji, "Hili si lako." Leo kuna reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na katika viwanda vyetu kuna mashine zinazohesabu, zinazofunga na zinazopima bila mkono. Maji yakija hayabishi hodi. Chama chenye akili huchimba mfereji wakati wa kiangazi.

MAMBO MANNE YA KUAMULIWA

Bwana Mwenyekiti, baada ya kuyatazama hayo yote, Kamati yaomba mkutano huu uamue mambo manne.

1. Kila mwanachama alete nakala ya barua yake ya kazi, kadi, na karatasi za mshahara, hasa za siku za ukibarua. Tawi liweke faili moja kwa kila mtu, na sanduku la chuma lenye funguo mbili, moja kwa Katibu na moja kwa Mweka Hazina. Mwajiri akipoteza daftari, letu liwepo.

2. Jumamosi moja kila mwezi iwe ya wazee. Kijana mmoja akae na kalamu, mzee aeleze kazi aliyoifanya: chombo gani, mwaka gani, mkubwa nani, mshahara kiasi gani, ajali ipi. Fayamani aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1975 leo amepita sabini. Hatuna miaka mingi ya kungoja.

3. Kila mahali penye boila wachaguliwe wanachama wawili wa kuangalia kioo cha maji, valvu za usalama na siku ya kuosha, waandike katika daftari kila wiki. Mtu akikataa kuwasha boila yenye kioo kibovu, tawi zima limsimamie. Asiachwe peke yake mbele ya mkubwa.

4. Katibu aandike barua kwa waajiri wetu wote, waseme mashine gani mpya zitaletwa mwaka ujao na nani atafundishwa kuziendesha.

Kwa wale wapendao kwenda wenyewe, makumbusho yako wazi kwa kila mtu, na kiingilio si cha kuumiza. Chukueni watoto. Waonyesheni boila iko wapi na silinda iko wapi. Waonyesheni mahali fayamani aliposimama, na ngazi nyembamba aliyopanda dreva saa nane za usiku. Kisha waulizeni: "Waliofanya kazi hapa waliitwa nani?" Wakishindwa kujibu, watajieni mtu mmoja mnayemjua ninyi, babu, jirani, au mzee wa tawi hili, na jina hilo waliandike.

Haya ndiyo tuliyoyaona, na haya ndiyo tunayoyaomba. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Wenu katika kazi,

KAMATI YA ELIMU